Jinsi ya kuchagua na kufunga konekta za sola zisizoungua

Umeme wote unaozalishwa na paneli juu ya paa hupita kwenye konekta, yaani pini ndogo za chuma zilizofichwa ndani ya plastiki. Watu hulinganisha paneli kwa wiki nzima, wakauliza habari za betri na inveta, kisha konekta wakachukua zozote zilizopo. Humo ndimo moto huanzia. Ukichagua konekta vizuri na kuibana kwa kifaa chake, itakaa miaka mingi kama paneli yenyewe. Ukikosea, itaanza kupata joto bila dalili yoyote ya nje, hadi siku plastiki itakapoyeyuka.

Kwanza elewa joto linatoka wapi

Kila kiungo cha waya kina ukinzani kidogo, na joto linalozalishwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Chukua paneli inayotoa ampea 10. Konekta nzuri ina ukinzani ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya omu, kwa hiyo joto lake halifiki hata wati 0.1. Konekta iliyobanwa vibaya inaweza kufika omu 0.05. Hapo hesabu ni 10 × 10 × 0.05, yaani wati 5, zikiwa zimefungiwa ndani ya ganda dogo la plastiki lisilopitisha hewa, kwenye paa ambalo tayari linachomwa na jua. Joto hilo huunguza uso wa chuma na kulegeza kani ya kubana, ukinzani unapanda zaidi, na joto nalo linapanda. Ndiyo maana konekta mbovu haibaki ilivyokuwa. Huzidi kuharibika kila siku yenye jua.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo upande wa betri. Inveta ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 90 hadi 105, kutegemea ufanisi wake na hali ya betri. Kwa ampea 100, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.001 tu hutoa wati 10 za joto. Kiungo hichohicho upande wa paneli, kwa ampea 10, kingetoa wati 0.1. Kwa hiyo usitumie kipimo kimoja kwa pande zote mbili: juu ya paa adui wako ni maji, jua na volti nyingi, kwenye betri adui ni mkondo mkubwa.

Konekta za paneli: aina moja, mtengenezaji mmoja, pande zote mbili

Paneli nyingi leo huja na konekta za muundo wa MC4. Namba 4 inatokana na kipenyo cha pini, milimita 4. Muundo huo ulibuniwa na kampuni ya Multi-Contact, ambayo sasa ni Stäubli, kisha viwanda vingine vikatengeneza zao zinazofanana. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, nasi tunausisitiza kwa sababu hata mafundi wazoefu hunaswa: konekta mbili za viwanda tofauti zinaweza kuingiana, zikatoa mlio wa kujifunga, na bado zisiwe kiungo salama.

Kila kiwanda kina vipimo vyake vya pini na soketi, plastiki yake, mpira wake wa kuzuia maji, na madini yake ya kupaka juu ya shaba. Tofauti ya sehemu ndogo sana ya milimita inatosha kupunguza eneo ambalo chuma kinagusana na chuma. Paa linapopata joto mchana na kupoa usiku, plastiki mbili za aina tofauti hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na mpira uliokuwa umeziba siku ya kwanza huacha mwanya. Maneno "inaoana na MC4" kwenye pakiti ni madai ya muuzaji. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachothibitisha kwamba konekta za viwanda viwili tofauti zinaoana. Kiwango cha IEC 62852 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) hupima konekta pamoja na mwenzake wa kiwanda kilekile, na IEC 62548, kinachohusu ufungaji wa paneli, kinataka konekta zinazochomekana ziwe za aina moja na za mtengenezaji mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, soma jina lililochapwa kwenye konekta iliyokuja na paneli, au litafute kwenye karatasi ya maelezo ya paneli. Nunua konekta za jina hilo na toleo hilohilo. Ikiwa hazipatikani, wasiliana na mtengenezaji wa paneli uulize kama anaruhusu kukata konekta ya asili na kuweka nyingine, maana wengi huhesabu kukata kama kuvunja dhamana. Akiruhusu, badilisha nusu zote mbili za kila kiungo. Kubadilisha nusu moja kunakurudisha kwenye tatizo lilelile.

Yanayotakiwa kusomeka kwenye ganda

Konekta halali huwa na maandishi yaliyochapwa ndani ya plastiki yenyewe: jina la mtengenezaji, aina, volti za juu, ampea, alama ya chanya au hasi, na onyo la kutochomoa wakati umeme unapita. Volti za juu ziwe 1000 au 1500 za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa paneli na betri), na zilingane na mfumo wako: paneli 12 zenye volti 50 kila moja zikifungwa kwa mfululizo ni volti 600, na asubuhi ya baridi volti hupanda zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye paneli. Kinga ya maji iwe IP67 au IP68 ikishachomekwa. IP67 maana yake vumbi haliingii, na kiungo kinastahimili kuzamishwa majini hadi mita moja kwa dakika 30. Kama kuna nembo ya taasisi ya upimaji na namba ya cheti, itafute namba hiyo kwenye tovuti ya taasisi. Nembo ni rahisi kuiga. Cheti kikipatikana, kinakuonyesha ni konekta gani hasa iliyopimwa.

Kuhusu ampea, kanuni ya kawaida ni kuchukua mkondo wa shoti, yaani unaopita chanya na hasi ya paneli zikigusanishwa, ulioandikwa nyuma ya paneli (Isc), na kuuzidisha kwa 1.25. Paneli yenye mkondo wa shoti wa ampea 14 inahitaji konekta ya ampea 17.5 au zaidi. Konekta ya ampea 30 inatosha kwa mnyororo mmoja wa paneli, hata ukiwa mrefu, kwa sababu kwenye mfululizo mkondo hauongezeki.

Hali inabadilika ukitumia konekta za matawi zenye umbo la Y. Minyororo mitatu ya ampea 14 ikikutana kwenye Y moja, mguu wa pamoja unabeba ampea 42, na ukizidisha kwa 1.25 ni ampea 52.5. Konekta ya ampea 30 pale itaungua, hata ikiwa halisi kabisa. Tena, kuanzia minyororo mitatu, kila mmoja unahitaji fyuzi yake. Mmoja ukipata hitilafu, mingine miwili inausukumia ampea 28 kinyumenyume, ilhali paneli nyingi zimeandikwa kwamba hazistahimili fyuzi kubwa kuliko ampea 25 au 30. Fyuzi iwe angalau mara 1.5 ya mkondo wa shoti, yaani 21 kwa mfano huu, na isizidi namba iliyo nyuma ya paneli. Tumia fyuzi zilizotengenezwa kwa sola, zenye alama gPV. Fyuzi ya gari haiwezi kuzima cheche ya volti mamia.

Kagua kwa macho na sumaku

Fungua konekta na utoe pini. Iliyo nzuri ina chuma kizito, kimepakwa bati au fedha sawasawa bila sehemu nyekundu inayoonekana, na ndani ya soketi utaona utepe wa chemchemi unaoishika pini pande zote. Ile hafifu ni bati jembamba lililokunjwa, lenye mwanya mrefu ubavuni. Sogeza sumaku kwenye sehemu inayobana waya. Ikivutwa, humo mna chuma cha kawaida mahali palipostahili shaba, iache. Pinda pia masikio ya plastiki ya kujifungia. Yakibaki yamepinda au yakipauka kwa kupindwa tu, hayatadumu juani.

Angalia pia kipenyo cha kebo kilichoandikwa, na hapa tunazungumzia kipenyo cha nje pamoja na ganda. Mpira wa nyuma huziba kebo ya unene fulani tu. Ukitia waya mwembamba wa nyumbani kwenye konekta ya kebo nene, nati itakaza hewa, na maji yataingia kwa kufuata nyuzi za shaba hadi ndani ya kifaa. Waya wa nyumbani wenye ganda la PVC haufai juu ya paa kwa namna yoyote, kwani jua huupasua. Tumia kebo ya sola yenye maandishi H1Z2Z2-K au PV1-F, ya milimita za mraba 4 au 6, yenye nyuzi laini za shaba zilizopakwa bati.

Kubana: hapa ndipo kazi ilipo

Konekta bora duniani ikibanwa kwa koleo la kawaida ni konekta mbovu. Koleo la kawaida hulalisha chuma upande mmoja na kuacha hewa kati ya nyuzi. Hewa hiyo huleta unyevu na kutu, na ukinzani unapanda. Koleo la kubania la sola lina meno yaliyoandikwa 2.5, 4 na 6, na halifunguki hadi limalize mzunguko wake mzima, hivyo kila mbano unatoka sawa na mwingine. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua, bora upunguze mahali pengine kuliko kwenye koleo hili.

1. Pitisha nati ya nyuma kwenye kebo kwanza. Ukiisahau utalazimika kukata na kuanza upya.

2. Menya ganda la waya kwa kisu maalumu cha kumenyea, milimita 6 hadi 7.5 kwa konekta nyingi. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Ukikata hata nyuzi chache, kata kebo umenye tena.

3. Ingiza nyuzi zote kwenye pini. Ganda la waya lisiingie mahali pa kubana shaba, na uzi hata mmoja usibaki nje.

4. Bana kwenye jino linalolingana na waya hadi koleo lijifungue lenyewe.

5. Shika pini mkono mmoja na kebo mkono wa pili, uvute kwa nguvu zako. Ikisogea, itupe. Usibane mara ya pili pini iliyokwisha kubanwa.

6. Sukuma pini ndani ya ganda la konekta hadi usikie mlio, kisha ivute kidogo kinyumenyume kuhakikisha imeshika. Pini isiyofika mwisho ni kosa la mara kwa mara: konekta mbili zinachomekana vizuri kwa nje, lakini ndani zinagusana kwa ncha tu.

7. Kaza nati kwa spana mbili za plastiki zinazouzwa kwa konekta hizo. Wengi hutaka nguvu kati ya niutoni mita 2.5 na 3.5. Ikilegea maji yanaingia. Ikizidi mpira unatoka umbo na plastiki hupasuka baadaye.

Kabla ya kuanza kazi halisi, bana pini moja ya majaribio, ikate katikati ya mbano kwa msumeno mwembamba, na utazame. Nyuzi zinapaswa kuwa zimeshikana kama kipande kimoja. Ukiona mashimo meusi kati yake, jino la koleo ni kubwa mno au koleo limechoka. Jaribio hili linachukua dakika chache na linakuambia zaidi ya pakiti yoyote.

Kulehemu kwa risasi hakuchukui nafasi ya kubana. Hufanya nyuzi zikakamae pale risasi inapoishia, na zinapotikiswa na upepo hukatikia hapo hapo.

Pima kabla ya kuchomeka

Kamwe usiamini rangi ya kebo wala umbo la konekta kukuambia ipi ni chanya, hasa kwenye kebo za kurefusha zilizotengenezwa na mtu mwingine. Weka multimita kwenye volti za DC na upime kila mnyororo kabla haujafika kwenye chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri) au inveta. Alama ya kutoa ikitokea, umegeuza. Mita ikisoma sifuri au karibu yake, kuna kiungo hakijashika. Volti zikipungua kwa kiasi cha paneli moja nzima, huenda paneli moja haijaingia kwenye mnyororo. Kumbuka kwamba paneli ikiona mwanga ina umeme, hata kama hakuna kilichowashwa; paneli tatu za volti 50 kwa mfululizo ni volti 150 za DC, na hizo zinaua.

Konekta si swichi. Umeme wa AC (mkondo geu, kama wa gridi) wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC haupiti sifuri kamwe. Ukichomoa konekta wakati mkondo unapita, cheche itavutika na kuendelea kuwaka kati ya pini na soketi, ikichoma chuma na mkono. Zima swichi ya DC kwanza, hakikisha kwa mita ya kubana waya kwamba mkondo ni sifuri, ndipo uchomoe kwa kifaa cha kufungulia. Konekta iliyowahi kupigwa cheche usiirudishe kazini, hata ikionekana nzima.

Konekta ambazo hazijachomekwa zifunike kwa vifuniko vyake siku hiyohiyo. Vumbi, chumvi na wadudu huingia upesi. Usipake grisi wala kupulizia dawa ya kusafishia mitambo isipokuwa mtengenezaji ameruhusu, kwani kemikali nyingi hupasua plastiki hizi polepole. Ning'iniza kebo kwenye fremu ili konekta isilale juu ya bati wala kwenye mfereji wa maji, acha sehemu iliyonyooka kabla ya kupinda kebo, na uiache ishuke kidogo kabla ya kupanda kwenye konekta ili maji yadondoke chini. Kuzungushia utepe wa umeme kiungo kinachovuja kunafungia maji ndani.

Upande wa betri: lagi, bolti na mpangilio wa washa

Hapa konekta za MC4 hazina kazi. Tumia lagi za shaba za bomba, yaani vichwa vinavyobanwa mwisho wa waya na kufungwa kwa bolti, zenye namba mbili zilizopigwa muhuri: 25-8 maana yake waya wa milimita za mraba 25 na tundu la bolti ya M8. Tundu lilingane na bolti. Lagi ya M10 kwenye bolti ya M8 hupoteza eneo la kugusana, na kwa ampea 100 hasara hiyo inageuka joto. Waya na lagi vilingane pia. Kukata nyuzi chache ili waya uingie kwenye lagi ndogo ni kupunguza waya mahali palipo na hatari zaidi.

Bana kwa koleo la haidroliki lenye meno ya pembe sita. Kama lagi ina tundu la kuchungulia, shaba lazima ionekane humo. Funika shingo ya lagi kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Kisha mpangilio: lagi iguse moja kwa moja risasi au shaba ya betri, halafu washa bapa (pete ya chuma inayokaa chini ya nati), washa ya chemchemi, na nati juu. Kosa tunaloliona kila mahali ni washa kuwekwa chini ya lagi. Washa za chuma cha pua hupitisha umeme vibaya sana kuliko shaba, na hapo mkondo wote unalazimishwa kupita ndani yake. Waya wa alumini usiunganishwe na shaba ana kwa ana. Unyevu ukiingia, alumini huliwa. Zipo lagi maalumu za madini mawili kwa kazi hiyo.

Kwa vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa mara kwa mara, konekta za Anderson ni chaguo zuri: SB50 kwa ampea 50, SB175 kwa ampea 175. Rangi zake si urembo, kwani rangi tofauti haziingiani, hivyo mfumo wa volti 12 na wa 24 unaweza kupewa rangi zake ili visichanganyike.

Kwenye teminali za skrubu za chaji kontrola, vika nyuzi laini feruli (kijimrija cha chuma) iliyobanwa. Usizipake risasi: risasi hulegea taratibu ikiwa chini ya mgandamizo, na skrubu iliyokuwa imekaza hubaki inacheza. Rudi baada ya wiki chache ukaze tena skrubu zote, umeme ukiwa umezimwa.

Ukaguzi

Chagua saa sita mchana, jua likiwa kali na mzigo ukiwa umewashwa, upite na kipimajoto cha infraredi. Usitafute namba fulani. Linganisha konekta zinazobeba mkondo uleule. Moja ikiwa na nyuzijoto 10 zaidi ya wenzake, ifungue. Tazama pia plastiki iliyobadilika rangi, iliyovimba, au kebo iliyokakamaa karibu na konekta. Upande wa betri pima kwa milivolti kutoka kwenye nguzo ya betri hadi kwenye shingo ya lagi huku inveta ikivuta mzigo mkubwa: ikizidi makumi kadhaa ya milivolti, safisha na ukaze upya.

Ukikuta konekta iliyoungua, kata kebo kurudi nyuma hadi uone shaba inayong'aa. Nyuzi zilizopata joto huwa nyeusi hata ndani ya ganda, na pini mpya ikibanwa juu yake itaungua tena. Badilisha pini na soketi pamoja, kwa sababu joto lililoharibu upande mmoja limekwisha kulegeza chemchemi ya upande wa pili. Kisha kagua konekta nyingine zote zilizobanwa siku hiyo na kwa koleo hilohilo.